Zamu ya Kusema: Phil Donahue na Televisheni ya Mchana nchini Marekani

Nomino "mtangazaji" hutokana na kitenzi "-tangaza", yaani kufanya jambo lienee na kujulikana na wengi. Kwa asili yake, neno hilo latuonyesha mtu mmoja anayesema mbele ya umati unaosikiliza. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ya Mmarekani Phil Donahue (1935–2024), ambaye jina hilo halimtoshi, kwani sifa yake ilitokana na kuwasemesha wengine.

Donahue alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1957. Mjini Dayton aliongoza kwanza kipindi cha redio ambamo wasikilizaji walizungumza naye kwa simu. Tarehe 6 Novemba 1967 akaanza kipindi cha televisheni mjini humo humo. Mgeni wake wa kwanza alikuwa Madalyn Murray O'Hair, mwanamke asiyeamini Mungu, aliyekuwa mmoja wa walioshtaki hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipokataza, mwaka 1963, ibada ya kusoma Biblia katika shule za serikali.

Uteuzi huo haukuwa jambo dogo. Vipindi vya mchana siku hizo vilikuwa hasa tamthilia za mapenzi, mashindano ya zawadi na mapishi, kana kwamba mwanamke aliyebaki nyumbani hana haja ya zaidi. Donahue alimhesabu kuwa raia mwenye fikra. Hata hivyo, sifa kuu ya kipindi chake haikupangwa. Kilichukua nafasi ya kipindi cha burudani, na watu waliokwisha kupata tiketi za kile cha zamani waliruhusiwa kuingia studioni. Wakati wa matangazo ya biashara, Donahue alitambua kwamba maswali waliyomwuliza mgeni yalikuwa mazuri. Basi akashuka kati yao, kipaza sauti mkononi.

Kwa mtazamo wa isimu, hapo mpangilio wa mazungumzo ulibadilika. Katika mahojiano ya kawaida mwenyeji huuliza, mgeni hujibu, naye mtazamaji hunyamaza. Sasa wale waliozoea kusemwa kwa nafsi ya tatu walianza kusema kwa nafsi ya kwanza. Lakini tuangalie jambo moja: kipaza sauti hakikutoka mkononi mwa Donahue. Yeye ndiye aliyechagua nani aseme, na kwa muda gani.

Kipindi kilihamia Chicago mwaka 1974, kisha New York mwaka 1985. Akishirikiana na Vladimir Pozner wa Urusi ya Kisovyeti, aliwaunganisha kwa satelaiti wananchi wa Leningrad na wale wa Seattle, halafu Boston, wakati Vita Baridi vingali vinaendelea. Mwaka 1984 Oprah Winfrey alianza kipindi chake Chicago, naye akampita kwa wingi wa watazamaji, ingawa mwenyewe amekiri kwamba bila Donahue asingalikuwapo Oprah. Ushindani ulipozidi, vipindi vingi viligeuza aibu za watu kuwa bidhaa. Donahue naye hakusalimika. Mwaka 1996 alikomesha kazi hiyo, baada ya vipindi zaidi ya 6,000.

Mwaka 2002 alirudi, safari hii jioni, katika kituo cha MSNBC, akawapa nafasi wapinzani wa vita vya Iraki. Februari 2003, wiki chache kabla ya vita kuanza, kipindi kilifutwa, ijapokuwa hakuna kingine cha kituo hicho kilichopata watazamaji wengi kukizidi. Waraka wa ndani uliofichuka baadaye ulionyesha wasiwasi juu ya sura ambayo Donahue angekipa kituo wakati wa vita.

Yeye aliyewagawia wengine zamu ya kusema alinyang'anywa yake. Hivyo basi, anayechunguza mazungumzo ya hadharani haitoshi aandike nani alisema nini. Hana budi kuuliza pia ni nani aliyeshika kipaza sauti, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukizima.