Kwa nini klabu ya besiboli hununua mrushaji asiyeweza kurusha

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Februari 2017, klabu ya Tampa Bay Rays ya jimbo la Florida, Marekani, ilimsajili Nathan Eovaldi, mrushaji mpira aliyetimu umri wa miaka 27 mwezi huo huo. Kandarasi yake ilikuwa ya dola milioni 2 kwa mwaka huo, nayo klabu ikajiwekea haki ya kumbakisha mwaka 2018 kwa dola nyingine milioni 2. Pande zote mbili zilifahamu wazi kwamba Eovaldi hangerusha hata mpira mmoja katika mwaka ule wa kwanza.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, ambako mchezaji hupimwa afya kabla ya kumwaga wino na uhamisho huweza kuvunjika kwa sababu ya goti moja tu, biashara hii huonekana kama kichekesho. Yupi huyo anayenunua ng'ombe anayechechemea sokoni, tena kwa hiari yake? Lakini katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, usajili wa aina hii umekuwa jambo la kawaida, na umezitajirisha baadhi ya klabu sawa na ulivyozifilisi matumaini nyingine.

Ili kuelewa kwa nini, ni sharti kwanza kuuelewa mkono wenyewe.

Mrushaji wa besiboli husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, akamrushia mpira kwa kasi ambayo kwa walio bora huzidi kilomita 150 kwa saa. Mashabiki walioifuata timu ya taifa ya Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 wanafahamu kazi kama hiyo. Tofauti ni kwamba katika kriketi sheria humkataza mrushaji kukikunjua kiwiko anapoachilia mpira, ilhali katika besiboli mkono hukunjwa nyuma ya kichwa, kisha hukunjuliwa ghafla. Kila mrusho huuvuta upande wa ndani wa kiwiko kana kwamba unataka kukifungua. Kinachozuia kiwiko kisifunguke ni ukanda mdogo wa ligamenti unaounganisha mfupa wa juu wa mkono na mmoja wa mifupa miwili ya kigasha.

Ukanda huo ukikatika, mtu anaweza kuendelea kulima, kuandika na hata kubeba mtoto bila tatizo kubwa. Kile asichoweza ni kurusha mpira kwa kasi na kuuelekeza anakotaka. Hadi mwaka 1974, mrushaji aliyefikwa na balaa hilo alifungasha virago akarudi nyumbani.

Mwaka huo, Julai 17, mkono wa kushoto wa Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, ulikufa ganzi katikati ya mechi dhidi ya Montreal Expos. Daktari wa klabu, Frank Jobe, alimweleza kwamba palikuwa na jaribio moja ambalo halijawahi kufanyiwa mrushaji yeyote. Septemba 25, alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu katika mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuipitisha kano hiyo humo ili ifanye kazi ya ligamenti iliyokatika. Kano yenyewe ni ile ya kigashani ambayo watu wengine huzaliwa bila kuwa nayo na wala hawajui. Jobe alikadiria uwezekano wa kufaulu kuwa mmoja kwa mia.

John hakucheza msimu mzima wa 1975. Alirejea Aprili 1976, na kati ya ushindi wake wote 288 katika ligi kuu, 164 aliupata baada ya upasuaji. Alistaafu mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 46. Tangu hapo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake yeye, si la daktari aliyeuvumbua. Jobe aliaga dunia mwaka 2014.

Siku hizi upasuaji wa Tommy John umewarejesha uwanjani warushaji wengi mno, na hapo ndipo ilipozaliwa biashara tunayoizungumzia. Jeraha ambalo zamani lilikuwa kaburi liligeuka kuwa likizo ndefu yenye tarehe ya kukadiriwa: miezi 12 kwa mwenye bahati, 18 kwa mwingine. Klabu inaweza kuketi na kalenda na kupiga hesabu. Hata hivyo, anayepasuliwa kiwiko kile kile mara ya pili, uwezekano wake wa kurejea katika ubora wake hupungua.

Eovaldi alikuwa wa mara ya pili.

Alilelewa Alvin, mji mdogo wa Texas ambao mashabiki wa besiboli huujua kwa sababu ya Nolan Ryan, mrushaji mashuhuri aliyekulia huko pia. Eovaldi alipasuliwa kiwiko mara ya kwanza mwaka 2007 angali mwanafunzi wa shule ya upili. Klabu nyingi zilimwogopa, lakini Dodgers wakamchukua mwaka 2008 katika raundi ya 11 ya uteuzi wa vijana. Aliingia ligi kuu mwaka 2011, akauzwa Miami Marlins mwaka 2012, kisha akahamia New York Yankees mwishoni mwa 2014. Msimu wake wa kwanza New York alishinda mechi 14 na kupoteza 3 tu.

Agosti 10, 2016, katika uga wa mahasimu wao, Boston Red Sox, alirusha awamu moja pekee akaondoka. Vipimo vilionyesha kwamba kano ya misuli ya kigasha ilikuwa imeng'oka kutoka kwenye mfupa na ligamenti ya kiwiko imechanika kwa sehemu. Alipasuliwa mwezi huo huo. Mnamo Novemba, Yankees walimwachilia.

Yankees hawakuwa wajinga. Chini ya kanuni za ligi hiyo, mchezaji hupata uhuru wa kutafuta klabu anayoitaka akitimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na Eovaldi angeutimiza mwishoni mwa 2017. Kumweka kungekuwa kumlipa mshahara mwaka mzima akiuguza jeraha, halafu kumtazama akienda zake siku anayopona. Wangekuwa wamemlisha kuku wa jirani.

Rays waliona mlango katika ukuta huo. Klabu hii ni miongoni mwa zile zenye bajeti ndogo zaidi katika MLB, na msiba wake ni kuwa katika kundi moja na Yankees na Red Sox, matajiri wawili wa mchezo huu. Mrushaji mzima mwenye kasi kama ya Eovaldi haumudu. Mrushaji mgonjwa mwenye kasi hiyo humudu. Ndiyo sababu kipengele muhimu katika kandarasi ile hakikuwa dola milioni 2 za 2017, bali ile haki ya 2018. Mwaka wa kwanza ulikuwa kodi ya ghala na wa pili ndio uliokuwa bidhaa.

Pana jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawaliangalii. Kila klabu huruhusiwa kuwa na wachezaji 40 tu katika orodha yake kuu, lakini msimu ukianza, majeruhi wa muda mrefu anaweza kuhamishiwa orodha ya majeruhi ya siku 60 na nafasi yake kupewa mwingine. Kwa hiyo mgonjwa hugharimu fedha bila kugharimu nafasi. Naye mchezaji hulipwa mshahara wake wote, kwa kuwa kandarasi za MLB hazikatwi kwa sababu ya jeraha, na miezi anayokaa katika orodha hiyo huhesabiwa katika miaka yake ya utumishi. Zaidi ya pesa, hupata madaktari na wakufunzi wa kumsimamia kila siku. Kwa kijana wa miaka 27 mwenye kiwiko kilichofunguliwa mara mbili, pengine hilo la mwisho ndilo lilikuwa na thamani kuliko yote.

Mwaka 2017 ulipita. Rays walitumia haki yao ya kumbakisha. Kisha Machi 2018, siku chache kabla ya msimu kuanza, vipande vilivyolegea vilipatikana ndani ya kiwiko na ikabidi afanyiwe upasuaji mwingine mdogo. Inawezekana kuna walioanza kunung'unika.

Mei 30, 2018, karibu miezi 22 tangu aondoke uwanjani Boston, Eovaldi alipanda kilima cha mrushaji katika uga wa Oakland. Alirusha awamu 6 na wapigaji wa Oakland hawakupata hata pigo moja.

Rays hawakukaa naye sana. Julai 25, walimuuza kwa Red Sox na kupewa Jalen Beeks, mrushaji chipukizi. Oktoba 8, katika mechi ya mchujo, Red Sox walimpeleka Eovaldi kule kule New York kuwakabili Yankees waliomwachilia. Aliwanyamazisha kwa awamu 7 akiruhusu mkimbio mmoja pekee. Boston walishinda 16-1.

Lakini usiku ambao jina lake litakumbukwa nao ni wa mechi ya tatu ya fainali, World Series, iliyoanza Oktoba 26 jijini Los Angeles. Red Sox walikuwa wakiongoza 2-0 kwa mechi, na Eovaldi alikuwa ametumika katika zote mbili. Alitarajiwa kuanza mechi ya nne. Awamu 9 za kawaida ziliisha timu zikiwa sare, na katika awamu ya 12 kocha Alex Cora alimwita. Boston wakatangulia 2-1 katika awamu ya 13, lakini mwenzake alikosea kurusha mpira na Dodgers wakasawazisha. Eovaldi akabaki pale pale. Awamu ya 14, ya 15, ya 16, ya 17. Alirusha mipira 97, kiasi cha mrushaji anayeanza mechi, kwa mkono ule ule uliokuwa umepasuliwa mara tatu. Hatimaye katika awamu ya 18, Max Muncy aliupiga mpira ukavuka ukuta na Dodgers wakashinda 3-2. Mechi ilikuwa imechukua saa 7 na dakika 20, na hakuna mechi ya fainali hizo iliyowahi kuchukua muda mrefu zaidi.

Katika rekodi, Eovaldi ameandikwa kuwa ndiye aliyepoteza mechi hiyo. Wenzake hawakuiona hivyo, na baadhi yao walitokwa na machozi chumbani. Hawakuhitaji mrushaji mwingine kumaliza nguvu zake usiku ule, wakashinda mechi mbili zilizofuata na kutwaa ubingwa. Desemba, Red Sox walimpa kandarasi ya miaka minne ya dola milioni 68.

Kiwiko nacho hakikusoma mkataba. Aprili 2019 kilihitaji upasuaji tena wa kuondoa vipande vilivyolegea, na msimu huo ukawa mbaya. Mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Alijiunga na Texas Rangers kabla ya msimu wa 2023, akashinda mechi tano za mchujo na fainali bila kupoteza yoyote, nao Rangers wakatwaa ubingwa wao wa kwanza.

Si kila kamari ya namna hii hulipa. Desemba 2017, Chicago Cubs walimpa Drew Smyly, aliyekuwa amepasuliwa kiwiko mwaka huo, kandarasi ya miaka miwili ya dola milioni 10. Baada ya mwaka mmoja walimpeleka Texas Rangers bila ya kuwarushia hata mpira mmoja katika ligi kuu, na huko Texas mwaka 2019 akacharazwa vibaya. Mwezi ule ule wa Desemba 2017, Minnesota Twins walikuwa wamefanya biashara inayokaribia kufanana kabisa na Michael Pineda, kwa kiasi hicho hicho na miaka hiyo hiyo. Pineda alipona, akashinda mechi 11 mwaka 2019 na timu ikafuzu kwa mchujo. Hata hivyo hakuucheza, kwani Septemba alipigwa marufuku ya mechi 60 baada ya kupatikana na dawa iliyokatazwa. Mkono ulikuwa tayari, mwenyewe hakuwapo.

Aliyepandisha bei ya biashara hii ni Justin Verlander. Alipasuliwa mwaka 2020 akiwa na miaka 37, umri ambao wengi hutundika viatu, na Houston Astros wakamlipa msimu wote wa 2021 bila kumwona uwanjani. Mwishoni mwa mwaka huo walikubali kumpa dola milioni 25 kwa msimu uliofuata. Mwaka 2022 alishinda mechi 18 na kupoteza 4, akatuzwa kuwa mrushaji bora wa ligi yake kwa kura zote, na Astros wakawa mabingwa.

Na Jalen Beeks, yule chipukizi ambaye Rays walipewa badala ya Eovaldi? Kiwiko chake kilikatika ligamenti mwaka 2020. Hakucheza msimu mzima wa 2021. Rays hawakumwachilia, na mwaka 2022 alirejea kilimani akiwa bado amevaa jezi yao.