Jinsi ya kuokoa marejesho ya ushuru Marekani mwenzi anapodaiwa

WAKENYA wengi wanaofunga ndoa nchini Marekani hukutana na jambo wasilolizoea nyumbani, nalo ni mume na mke kuwasilisha ritani moja ya ushuru. Nchini Kenya kila mwenye kipato ana nambari yake ya PIN na hujaza ritani yake mwenyewe katika mtandao wa iTax. Kule Marekani sheria inawaruhusu wanandoa kuunganisha mapato yao, na wengi hufanya hivyo kwa sababu mara nyingi ushuru hupungua, na nafuu kadhaa huwaponyoka wale wanaojaza ritani mbalimbali.

Hata hivyo, kuunganisha huko kuna hatari yake. Pesa zilizokatwa kupita kiasi kwenye mishahara ya wawili hao hurudishwa kama fungu moja. Iwapo mmoja wao ana deni la zamani, serikali inaweza kulitwaa fungu zima kulipia deni hilo, likiwemo jasho la yule asiyedaiwa hata senti.

Chukua mfano wa muuguzi aliyeolewa na mwanamume mwenye mtoto wa uhusiano wa awali, ambaye alibaki nyuma katika kulipa pesa za matunzo ya mtoto huyo. Mwezi Februari wanatuma ritani yao ya pamoja, na marejesho yamekwisha kupangiwa karo ya mdogo wake mwanamke huyo huko Kenya. Badala ya pesa, inafika barua kutoka Wizara ya Fedha ya Marekani. Barua hiyo inaeleza kiasi walichostahili kurudishiwa, kiasi kilichokatwa, na jina la afisi iliyopokea pesa hizo. Mara nyingi hapo ndipo mke anapojua kwa mara ya kwanza kwamba mumewe alikuwa akidaiwa.

Si kila deni linaloweza kufuata marejesho kwa njia hii. Yanayohusika ni malimbikizo ya matunzo ya watoto, madeni ya idara za serikali kuu ikiwemo mikopo ya masomo iliyotolewa na serikali hiyo, ushuru wa mapato unaodaiwa na jimbo, na baadhi ya malipo ya ukosefu wa kazi yaliyochukuliwa isivyostahili. Aidha, idara ya ushuru, IRS, hukata kwanza ushuru wa miaka iliyopita unaodaiwa na serikali kuu. Kuhusu mikopo ya masomo, ukusanyaji wa lazima ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, ukatangazwa kurejea Mei 2025, na taratibu zimekuwa zikibadilika tangu hapo. Mhusika hana budi kuuliza hali ilivyo kabla ya kutuma ritani.

Deni la kadi ya benki, la hospitali ya kibinafsi au la gari halimo katika mpango huo. Mkopo wa HELB au wa SACCO ulioachwa Nairobi pia haumo, ingawa wapo wanandoa ambao wamekosana bure kwa kuuhofia.

Kinga ya yule asiyedaiwa ni Fomu 8379. Sheria inamtambua kama mwenzi aliyeumizwa, na anapaswa kutimiza masharti mawili makuu: deni lisiwe lake kisheria, na awe na mchango wake katika ritani, kama vile ushuru uliokatwa kwenye mshahara wake au nafuu ya ushuru inayolipwa kwa pesa taslimu. Fomu hii haifuti deni la mwenzake. Inaiomba tu IRS itenganishe mafungu mawili, na fungu la asiyedaiwa lirudi kwake.

Utenganishaji huo haufanywi kwa kugawa nusu kwa nusu, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mshahara huandikwa chini ya jina la aliyeupata, na ushuru uliokatwa huandikwa kama unavyoonekana katika fomu ya W-2 ya kila mmoja. Kiwango cha kawaida kinachopunguzwa kwenye mapato kabla ya kutoza ushuru ndicho hugawanywa nusu kwa nusu. Kisha IRS hukadiria kila mmoja angetozwa kiasi gani lau angejaza ritani peke yake, na uwiano huo hutumika kuugawa ushuru wa pamoja.

Tuseme ushuru wao wa pamoja ni dola 4,000. Mke akiwa peke yake angetozwa dola 3,000 na mume dola 2,000. Mke basi anabeba asilimia 60 ya ushuru wa pamoja, yaani dola 2,400. Ikiwa mshahara wake ulikatwa dola 4,200 katika mwaka, fungu lake la marejesho ni dola 1,800. Mume anabeba dola 1,600, naye alikatwa dola 2,200, hivyo fungu lake ni dola 600. Bila fomu, dola zote 2,400 zingeweza kwenda kwenye deni. Kwa fomu, ni zile 600 za mume tu zinazokwenda.

Hesabu hiyo inabadilika katika majimbo tisa ambayo sheria zake huhesabu mali nyingi inayochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Humo IRS hufuata sheria ya jimbo husika, na sheria hizo hazifanani. Mkazi wa Dallas asitegemee jibu alilopata binamu yake aliyeko Minnesota.

Fomu inaweza kutumwa pamoja na ritani ikiwa deni linajulikana mapema, na hiyo ndiyo njia bora. Anayetuma kwa karatasi huandika maneno "Injured Spouse" kwenye kona ya juu kushoto ya ukurasa wa kwanza wa ritani. Kwa kawaida IRS huchukua wiki 14 ikiwa zimetumwa kwa karatasi na wiki 11 zikitumwa kwa kompyuta. Aliyegundua baada ya pesa kukatwa anaweza kuituma fomu peke yake, akiambatisha nakala za W-2 za wote wawili, na kusubiri takriban wiki nane. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani hiyo. Fomu ya mwaka mmoja haitumiki mwaka unaofuata. Hujazwa upya kila mwaka hadi deni liishe. Waliotalikiana au kutengana kisheria wana kisanduku cha kuomba marejesho yatolewe kwa jina la mdai peke yake.

Anayepinga deni lenyewe hatasaidiwa na IRS, kwa maana kazi yake ni kugawa marejesho tu. Malalamiko hayo hupelekwa kwa afisi iliyotajwa katika barua kuwa ndiyo inayodai.

Fomu hii pia huchanganywa na Fomu 8857, ambayo ni ya jambo jingine kabisa: pale mwenzi mmoja alipoficha mapato au kudanganya katika ritani ya pamoja, na mwingine anaomba asibebeshwe ushuru uliotokana na udanganyifu huo.

Wapo wanaoamua kujaza ritani mbalimbali ili kukwepa usumbufu wote. Ni haki yao, lakini hupoteza nafuu za masomo na, kwa wengi, ile ya wafanyakazi wa kipato cha chini, na hasara hiyo inaweza kuzidi kile walichotaka kuokoa. Njia nyingine, isiyozungumziwa sana, ni asiyedaiwa kurekebisha Fomu W-4 kwa mwajiri ili mshahara wake ukatwe ushuru unaokaribiana na anaodaiwa hasa. Pesa hizo humfikia kila mwezi katika mshahara, na mwisho wa mwaka hubaki kidogo cha kutwaliwa.