Shekania na Nyumba ya Pili: Ezra 10 Mbele ya Msomaji wa Tarime na Serengeti

Katika sura ya 10 ya kitabu cha Ezra, wa kwanza kutamka kwamba wake wa kigeni waondolewe si Ezra. Yeye analia mbele ya Hekalu. Anayetamka ni Shekania mwana wa Yehieli, wa ukoo wa Elamu, na pendekezo lake linawahusu pia watoto waliozaliwa na wanawake hao. Kwa kawaida husifiwa kwa ujasiri wake, kisha anaachwa. Nadai kwamba msomaji wa Tarime au Serengeti aliyekulia katika boma la Kikuria lenye wake kadhaa ana sababu ya kumkazia macho.

Katika aya ya 26, ndani ya orodha ya waliooa wageni, yumo Yehieli wa wana wa Elamu. Shekania mwenyewe hayumo. Majina hufanana, na uthibitisho kamili haupo. Lakini jina hilo, ukoo huohuo, ndani ya sura moja, vinanielekeza kuamini kwamba huyu ni baba yake. Basi mwana anataka mama wa kambo atoke pamoja na ndugu zake wa baba mmoja.

Kwa Wakuria kila mke ni nyumba, na ng'ombe wa mahari ya binti huwaozea kaka zake wa tumbo moja. Kwa hiyo ugomvi wa urithi huwa wa nyumba na nyumba. Nyumba ikiondoka na wanawe, warithi wamepungua. Sara alilisema hili waziwazi alipotaka Hagari afukuzwe pamoja na Ishmaeli: mwana wa mjakazi asirithi pamoja na Isaka. Shekania anataja sheria ya Mungu tu, lakini mali imo katika sura yake: aya ya 8 inatishia kumnyang'anya mali yote asiyefika Yerusalemu kwa siku tatu.

Linalomshtua zaidi Mkuria ni watoto. Kwa mila, mtoto hufuata ng'ombe. Ndiyo maana ya nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, humwoa msichana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo wanawake hao hubaki bila kinga yake. Siipambi mila hii ya mtoto kufuata ng'ombe. Humruhusu mke aondoke, ikambakiza mtoto. Shekania huwaondoa wote wawili. Katika njia zote mbili mama haulizwi, nami naona hapo ndipo uzito wa dhuluma ulipo.

Katika sura hiyo ya Ezra, Yonathani mwana wa Asaheli na wenzake walipinga jambo hilo, ingawa sababu yao haikuandikwa. Sura inaishia kwa kutaja wake waliokwisha kuzaa. Maandishi ya Kiebrania ya aya ya 44 hayasemi wazi kwamba walifukuzwa. Anayesema hivyo ni mwandishi wa 1 Esdra ya Kigiriki.