Mtoto Mdogo Mkaidi: Mzazi Aanze na Ulimi Wake

Himdi zote ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wazazi wengi wanalalamikia mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne ambaye akikatazwa kitu hujibwaga chini, huwapiga wenziwe, hutupa chakula, au hulia mpaka nyumba nzima ikakosa raha. Wapo wanaouliza kama ana shetani, na wapo wanaouliza kama apigwe mpaka akome. Tunaloliona muhimu kulitanguliza ni hili: mtoto wa umri huu hutengenezwa na maneno ya mzazi kuliko bakora yake, na maneno hayo ndiyo tunayoyachukulia wepesi.

Kwanza: Tumjue mtoto huyu

Mtoto mdogo hajafikia umri wa kupambanua, na katika sheria yetu kalamu haimwandikii dhambi mpaka abaleghe. Kwa hiyo ukaidi wake si uasi. Anataka mambo mengi kuliko maneno aliyonayo ya kuyaeleza, na hasira inampata kabla hajajua namna ya kuizuia. Akiwa na njaa, usingizi au homa, huzidi.

Mara nyingi dawa ni usingizi tu. Shirika la Afya Duniani limeelekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wa kutazama simu au televisheni usizidi saa moja. Mtoto anayekesha na wakubwa barazani mpaka usiku wa manane, kisha akaamshwa alfajiri, tusishangae akiamka na kilio.

Pili: Tusimwapize

Mama amechoka, mtoto amemwaga uji, na mdomo unatoka: "Mwana laana we!" au "Ufe nipumzike!" Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametukataza kujiombea mabaya sisi wenyewe, watoto wetu na mali zetu, tusije tukaiafiki saa ambayo Allaah huitikia dua. Hadithi hii ameipokea Muslim kutoka kwa Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu). Ni vipi mzazi ataomba kwa hasira jambo ambalo likijibiwa atalilia maisha yake yote? Ulimi uzoeshwe kusema "Allaah akuongoze" hata pale moyo unapowaka.

Mzazi akighadhibika akiwa amesimama, Sunna ni akae. Na isipoondoka ghadhabu, ajilaze. Abu Daawuud amelipokea hili kutoka kwa Abu Dharr (Radhiya Allaahu 'anhu).

Tatu: Tusimdanganye

Tumezoea kumnyamazisha mtoto kwa ahadi na vitisho: "Nyamaza nikakununulie aiskrimu," na hakuna aiskrimu. "Atakuja daktari akudunge sindano." "Nitakupeleka chuoni maalim akutie bakora." "Popobawa huyo anakuja!"

'Abdullaah bin 'Aamir (Radhiya Allaahu 'anhu) amesimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) yupo nyumbani kwao. Akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akajibu: tende. Akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ameipokea Abu Daawuud.

Tazama pia madhara yake. Mtoto aliyetishwa kwa sindano atapiga mayowe siku anapopelekwa chanjo. Aliyetishwa kwa maalim ataichukia Qur-aan kabla hajaijua alifu. Na aliyeahidiwa mara kumi asipewe, mara ya kumi na moja hatusikii tena, hata tukisema kweli.

Nne: La kufanya wakati wa kilio

1. Ondoa hatari: kisu, jiko, ngazi. Akipiga wenziwe, mshike mikono bila kumuumiza.
2. Shuka mpaka macho yenu yalingane, useme kwa sauti ya chini na maneno machache: "Umekasirika. Lakini hatupigi."
3. Usimpe alichokililia kwa sababu amelia. Ukimpa leo, kesho atalia zaidi.
4. Kaa karibu mpaka kilio kipungue, kisha mkumbatie. Kumkumbatia si kumdekeza.
5. Akifanya vizuri, msifu kwa jambo lenyewe: "Umempa mwenzio mpira, maa shaa Allaah."

Mfano wetu ni 'Umar bin Abi Salamah (Radhiya Allaahu 'anhu), mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini. Hakutukanwa wala hakuondoshwa. Alielekezwa mambo matatu mafupi: ataje jina la Allaah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Akabaki hivyo maisha yake yote. Wameipokea Al-Bukhaariy na Muslim.

Neno la nyumba pia liwe moja. Mama akikataza, bibi akatoa, na baba akicheka, mtoto hujifunza mlango wa kugonga. Wakubwa wakubaliane wakiwa peke yao, wala wasibishane mbele yake.

Tano: Kuhusu kumpiga

Swala ni nguzo ya dini, na Hadithi imeagiza mtoto aamrishwe akiwa na miaka 7, na kutajwa kupigwa kumekuja kwenye miaka 10. Nako Wanazuoni wameweka masharti kwamba kusiumize wala kusiguse uso. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Swala, vipi apigwe wa miaka mitatu kwa kumwaga maji?

Sita: Lini aonwe na daktari

Apelekwe kituo cha afya ikiwa amefika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, hageuki akiitwa jina, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anajiumiza mwenyewe. Pengine hasikii vizuri, na sisi tunamwita mkaidi. Kumsomea kinga ni Sunna, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiwaombea kinga Al-Hasan na Al-Husayn. Lakini kisomo hakizuii matibabu, na hirizi si katika kinga hiyo.

Tunawausia wazazi wadumu na dua ya waja wa Ar-Rahmaan iliyomo katika Suuratul-Furqaan, ya kumuomba Allaah azifanye familia zetu ziwe kiburudisho cha macho yetu.

Na Allaah Anajua zaidi.