UZI: Mikahawa ya kifahari ilihamaje kutoka tao?

1/ Kila msimu wa siasa Nairobi lazima usikie ahadi hii: "Tutarudisha hadhi ya katikati ya jiji." Upande mmoja unasema mahoka na matatu ndio walioharibu tao. Upande mwingine unasema matajiri walitoroka wakatuachia uchafu. Hapa sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie swali moja dogo tu: kwa nini siku hizi mtu akitaka kula mahali pa maana jioni, haendi tao?

2/ Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka Mombasa. Amepata kazi, anataka kutununulia chakula. Kwenye grupu ya familia majina yakamiminika: Westlands, Karen, Kilimani, Gigiri. Tao haikutajwa hata mara moja. Mamangu akacheka: "Nyinyi hamjui. Sisi tukiwa wasichana, ukialikwa kula tao unapiga pasi nguo siku mbili kabla." Mama ni mpishi kwa mkahawa mmoja huko Karen. Nitamrudia mwishoni, kwa hivyo mvumilie historia kwanza.

3/ Reli ilifika hapa 1899, na mji ukaota kando ya stesheni. Hoteli ya Stanley ilianza 1902, Norfolk ikafunguliwa Krismasi ya 1904. Walowezi walikuwa wakitoka mashambani kuja hapo kula, kunywa na kupiga siasa. Mwafrika naye aliingia, lakini kwa mlango wa nyuma: mpishi, mhudumu, "boi". Kwa hivyo ile tao tunayoambiwa "irudi ilivyokuwa", tangu mwanzo haikujengwa ili sote tukae mezani.

4/ Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa Simpson kukagua afya ya miji. Pendekezo lake: watu wa rangi tofauti wakae maeneo tofauti. Kisingizio kilikuwa magonjwa. Wazungu wakabaki na miinuko ya magharibi na kaskazini yenye baridi na miti. Wahindi wakapata Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa tambarare ya mashariki, Pumwani ikajengwa miaka ya 1920. Na kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika akavishwa kipande shingoni, ajulikane ametoka wapi na anamfanyia nani kazi.

5/ Sasa chukua simu yako, tafuta mikahawa ya bei ghali Nairobi, halafu linganisha na mpangilio huo wa zamani. Inafuata ile mitaa ya miinuko karibu yote. Si bahati. Huko ndiko viwanja vilikatwa vikubwa. Karen yenyewe ilikuwa shamba la kahawa lililouzwa 1931 likagawanywa. Muthaiga klabu ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Yaani kula raha nje ya tao ni jambo la zamani, ila lilikuwa la wanachama. Raha ya hadharani ilikuwa bado tao.

6/ Mkahawa wa Thorn Tree pale Stanley ulifunguliwa 1959, maarufu kwa mti ambao wasafiri waliubandika barua za kuachiana. Baada ya Uhuru, tao ikang'aa. Hilton ikafunguliwa 1969. KICC ikakamilika 1973, na huko juu ikawekwa sehemu ya mkahawa unaozunguka ukiangalia jiji lote. Mlango wa rangi ulifunguliwa. Mlango wa pesa ukabaki, lakini angalau mwenye nacho na asiye nacho walipishana kwenye barabara ileile.

7/ Mwaka huohuo wa 1973 yalitokea mambo mawili ambayo watu wa midahalo huwa wanayasahau.

La kwanza: mpango wa ukuaji wa jiji ulipendekeza shughuli zisirundikwe tao. Ujenge vituo vingine vya biashara na kazi karibu na watu, mashariki na magharibi.

La pili: amri ya Ikulu iliruhusu matatu kubeba abiria kihalali.

8/ Matatu wakafanya kazi nzuri sana, na mimi siwezi kuwakosea shukrani. Lakini njia zao zikawa kama spoku za baiskeli, zote zinaingia tao. Kutoka mtaa hadi mtaa bila kupitia katikati ilikuwa shida, na mpaka leo ni shida. Shika hapo. Ndipo hadithi yote inapogeukia.

9/ Wateja nao wakaanza kupata sababu ya kukaa nje. Umoja wa Mataifa uliamua 1972 kuweka makao makuu ya shirika lake la mazingira Nairobi, na hatimaye ofisi zikaenda Gigiri. Carnivore ikafunguliwa 1980 kando ya Langata Road, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Sarit Centre ikafunguliwa Westlands 1983. Sehemu hizo zilikuwa na kitu ambacho tao ilikuwa inaishiwa: nafasi ya kuegesha gari.

10/ Mwaka huo wa 1983 serikali kuu ilivunja baraza la jiji lililochaguliwa na wananchi, ikaweka tume ya kuteuliwa. Tume hiyo ilikaa hadi 1992. Hebu fikiria, karibu miaka kumi mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumuuliza kuhusu taa, taka au mtaro ulioziba. Mwenye gari alijibu kwa kuhama. Asiye na gari alijibu kwa kuzoea.

11/ Kisha miaka ya 1990. Marekebisho ya uchumi yakaja, watu wakafutwa kazi serikalini na kwenye mashirika ya umma. Waliofutwa walipaswa kula. Wengi wakaenda kuuza nguo, matunda na mahindi ya kuchoma pale wateja walipo, yaani tao. Kanjo wakaanza kuwakimbiza, na mbio hizo hazijaisha hadi leo. Ujambazi nao ukapanda. Village Market ikafunguliwa Gigiri 1995.

12/ Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini tu siku ya Ijumaa. Ubalozi mpya ulifunguliwa Gigiri 2003. Ofisi nyingi zikaendelea kupanda Upper Hill na Westlands. Chakula cha mchana cha bosi kikafuata ofisi ya bosi.

13/ Sasa pangeni tarehe kwenye mstari. 1980. 1983. Halafu ndio wimbi kubwa la mahoka la miaka ya 1990, halafu 1998. Pesa zilianza kutoka tao kabla ya msongamano tunaoulaumu. Simaanishi mahoka hawana athari, ukipita pale jioni unajua mwenyewe. Ninasema kwamba ukiwafukuza wote kesho, mkahawa wa Karen haurudi tao. Haukuondoka kwa sababu yao.

14/ Kuna pia hesabu ya ardhi. Nyumba ya zamani yenye bustani kubwa Lavington au Karen ni rahisi kuigeuza mkahawa: weka viti chini ya miti, magari yakae ndani ya geti. Na hadi miaka ya karibuni, jiji lilikuwa bado linatoza kodi ya ardhi kwa thamani iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ardhi ikapanda bei mara nyingi, hesabu ya jiji ikabaki kwenye daftari la zamani. Raha ilihamia huko, lakini kodi yake haikupanda pamoja nayo.

15/ Desemba 2018 jiji lilijaribu kuzuia matatu kuingia tao. Watu walitembea kilomita kadhaa, wagonjwa, wazee, akina mama na watoto mgongoni. Amri ikasimamishwa haraka. Mwaka 2022 barabara ya juu ya kulipia ikafunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ukiwa na gari na pesa ya kulipia unaipita tao ukiitazama kutoka juu. Mwisho wa mwaka huohuo Hilton ikafunga milango.

16/ Mtu ataniambia tao imekufa. Hapana bwana. Njoo River Road saa saba mchana uone. Pilau, biriani, matumbo, githeri, ugali na samaki mzima, kiti hupati. Tao inalisha watu wengi kuliko mitaa yote ya mababi ikijumlishwa, ukiniuliza mimi. Kilichoondoka ni watu wenye sauti. Mtu ambaye simu yake inapokelewa na ofisi ya kaunti hajui tena kama taa ya pale stejini inawaka.

17/ Na si kila kitu ni kibaya. Mtu kula karibu na kwake ni sawa kabisa, ndiyo mpango wa 1973 ulitaka. Hata Thika Road, baada ya barabara kubwa ya 2012, ilipata maduka makubwa na mikahawa yake. Shida ni kwamba mpango ulitaka vituo kwa wote na usafiri wa kuviunganisha. Sisi tukachukua nusu: tukahamisha meza, tukaacha spoku za baiskeli vilevile.

18/ Sasa nirudi kwa mama. Tunakaa Umoja. Asubuhi anapanda mat hadi tao, anavuka kwa miguu kutoka steji moja hadi nyingine, anapanda ya Karen. Mkahawa wao (siutaji) ukifunga saa tano usiku, kuna gari la wafanyakazi. Linawashusha tao. Basi. Kutoka hapo kila mtu ajipange.

19/ Naomba muisome hiyo tena polepole. Wateja wake waliacha kula tao kwa sababu usiku tao inatisha. Yeye aliyewapikia anashushwa hapohapo, saa sita kasoro, ameshika mkoba kifuani, akitafuta gari la mwisho la Umoja. Mimi humngoja steji ya kwetu. Siku zingine nangoja mpaka saa saba. Niliwahi kumwambia aache hiyo kazi, akaniuliza, "Na fees yako ya chuo italipwa na uzi?"

20/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na hotuba ya kurudisha hadhi ya jiji, msimzomee. Muulizeni tu haya:

– Taa na usalama wa steji za tao baada ya saa nne usiku, bajeti ni ya nani na iko wapi?
– Lini mtu atatoka Umoja hadi Karen au Westlands bila kushuka tao?
– Kodi ya ardhi ya mitaa ambako raha ilihamia inafanya kazi gani huku kwingine?
– Ukiondoa mahoka, wanaenda wapi, na nani amewauliza?

21/ Akijibu kuhusu maua na rangi ya majengo, mtajua anaiona tao kutoka juu ya barabara ya kulipia.

Binamu alitupeleka Westlands, by the way. Chakula kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya. Mama alikula pole pole, halafu akamuuliza yule dada aliyetuhudumia anakaa wapi. Kayole. Akamuuliza anafikaje nyumbani usiku. Walizungumza kwa muda mrefu kidogo.

Kama una mzazi au ndugu anayefanya kazi za usiku mitaa hiyo, niandikie hapa chini anavyorudi nyumbani. Na kama nimekosea tarehe, nisahihishe kwa heshima, mimi bado ni mwanafunzi.