RAM Ikidanganya: Historia Fupi ya Kompyuta Mpya Zinazozima Ovyo

Kompyuta ya mezani ikiwa mpya kabisa halafu ianze kutoa skrini ya bluu, hapa Kiambere mshukiwa wa kwanza ni stima. Inachekesha kidogo, maana bwawa letu kwenye mto Tana limekuwa likizalisha umeme tangu 1988. Mshukiwa wa pili ni virusi, kwa hiyo fundi anaweka Windows upya. Ikizima tena, anaweka upya tena. RAM hukumbukwa mwisho, na hata wakubwa walishawahi kuhangaika hivyo hivyo.

Turudi 1978. Intel walikuwa na chipu za memori zilizogeuza data zenyewe: 0 inakuwa 1 na hakuna aliyeiandika. Ukiijaribu tena chipu ile ile, ni nzima! Timothy May na Murray Woods walifuatilia mpaka wakafika kwenye kifuniko cha kauri kilichofunika chipu. Ndani yake kulikuwa na yurania na thoriamu kidogo mno, na chembe za alfa zilizotoka humo zilitosha kuvuruga chaji ya seli moja ya memori. Inasimuliwa kuwa kiwanda cha vifuniko hivyo kilitumia maji ya mto Green, chini ya mgodi wa zamani wa yurania. Sisi mto unatupa stima, wao mto uliwapa kompyuta zinazozima.

Mwaka uliofuata James Ziegler wa IBM na William Lanford walieleza kuwa miale kutoka anga za mbali nayo inaweza kugeuza biti, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo usihame Kiambere kwenda Meru kwa ajili ya RAM yako :-)

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniudhi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na pariti: kila biti 8 zilipewa ya tisa, shahidi wa kusema kama idadi ya 1 ni shufwa au witiri. Hesabu isipokubaliana, mashine inasimama na kukuambia ni memori. Bora hivyo kuliko kuendelea na uongo. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wakaona chipu moja kati ya tisa ni gharama, wakaiondoa kwenye mashine za watu wa kawaida. Seva zikabaki na ECC, inayosahihisha biti moja iliyogeuka. Yaani benki ikapewa shahidi, duka la pembejeo likaachwa lijitegemee.

Na kuzima si balaa kubwa. Mei 2003, kwenye uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alipata kura 4,096 za ziada. Namba hiyo ni 2 kipeo cha 12, yaani biti moja tu. Wataalamu hawakuona kosa kwenye programu, wakashuku biti iliyogeuka yenyewe. Iligunduliwa kwa sababu kura zilizidi kiasi kinachowezekana. Salio la mkulima kwenye daftari la ushirika likiongezeka shilingi 4,096, nani atagutuka?

Lakini tusiisingizie anga sana. Mwaka 2009 utafiti kwenye seva za Google ulionyesha zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM hupata hitilafu kwa mwaka, na dalili zilielekea kwenye ubovu wa kifaa chenyewe, ule unaojirudia. Kwetu ni habari njema, maana kinachojirudia kinapimika. Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady 1994, hufanya hivyo tu: inaandika mpangilio wa biti, inausoma tena, inalinganisha.

Iweke kwenye flashi, iwashe kabla ya Windows, iache usiku kucha. Kwanza ingia BIOS uzime XMP, kwa sababu mashine nyingi mpya huzima ovyo kwa RAM kusukumwa kasi kuliko kiwango chake. Bado? Chomoa vipande, pima kimoja kimoja, kisha badilisha tundu ujue kama mbovu ni RAM au ubao. Wala DDR5 isikutulize: ECC iliyomo ndani ya chipu zake hailindi njia kati ya RAM na prosesa. Mstari mmoja mwekundu unatosha. Piga picha skrini, rudisha dukani kabla waranti haijaisha.