Ndevu za Jupiter juu ya Paa

Karibu na mwaka 800 ilitolewa amri juu ya kutunza mashamba ya Mfalme Charlemagne. Nakala yake moja tu imesalia, nayo imewekwa Wolfenbüttel katika Ujerumani. Mlango wa mwisho, ndio wa 70, wataja mboga, dawa na miti ipasayo kupandwa. Kisha wamwagiza mtunza bustani awe na ndevu za Jupiter juu ya nyumba yake. Si bustanini, bali juu ya nyumba!

Ndevu hizo ni mmea mdogo wa milima ya Ulaya. Majani yake ni manene, yenye maji ndani kama ya mshubiri, yamejipanga mviringo mfano wa ua la waridi; walakini hustahimili theluji, nao hutosheka na udongo haba wa juu ya paa.

Basi mfalme Mkristo, aliyewapiga Wasaksoni vita mpaka wakabatizwa, alitakaje ndevu za mungu wa Warumi darini pake? Jupiter ndiye waliyemhesabu kuwa mwenye radi, na watu walisadiki ya kuwa nyumba yenye mmea huo haipigwi. Wajerumani huuita *Donnerbart*, yaani ndevu za radi. Na *joubarbe* la Wafaransa ni jina lile lile la Kilatini lililochakaa vinywani. Wako wasemao kwamba huu ni ushirikina uliovikwa vazi la sheria. Sisi hatuoni hivyo upesi, kwa kuwa amri yenyewe haitaji radi wala sababu yo yote, na maji ya majani yale yalikuwa dawa ya kupaka mahali palipoungua. Jina la mungu laweza kudumu katika lugha hata baada ya ibada yake kwisha. Radi, kwa kweli, mmea hauizuii.

Atakaye kuupanda na auweke juani, penye mchanga na changarawe. Maji mengi huuozesha. Machipukizi ya kando hung'olewa yakapandwa mbali.

Mwaka 1753 Linnaeus aliuandika *Sempervivum tectorum*, maana yake uishio siku zote, wa mapaa. Neno hilo la kuishi lataka kuangaliwa. Kila shina huchanua mara moja tu, baada ya miaka kadhaa, kisha hufa. Wanaobaki juu ya paa ni watoto wake.